Maisha ya Felisa Inhabian, Mwenye Shamba la Kwanza la Pinaggan

"Miaka kumi na miwili hujatia mguu kwenye tope, leo unashuka na sanduku lako la magurudumu unataka kutupangia!"

"Nikupangie nini, Rogelio? Mimi ndiye mkubwa, shamba ni langu, hata mawe ya ukutani yanajua."

"Basi yaambie hayo mawe yakupandie."

Maneno hayo yalisemwa juzi Ijumaa, tarehe 12 Januari 2024, uani kwetu, mbele ya jeneza, kati ya mjomba wangu Rogelio na mama yangu Herminia, na kwa kuwa wengi wenu mlikuwepo na mliyasikia, familia imekubali yasomwe. Yanahusu Shamba la Kwanza, ambalo lisipopandwa hakuna kaya hata moja kati ya kaya arobaini na tatu za Pinaggan inayothubutu kupanda, na leo tunapomzika mwenyewe, miche imefika gotini kitaluni na bado hatujakubaliana ni mkono wa nani utakaoanza. Mimi ni Jovelyn, mjukuu wake wa kwanza, ninasoma kwa niaba ya familia.

Marehemu Felisa Inhabian alizaliwa tarehe 18 Machi 1949 hapa Pinaggan, wilaya ya Amduyan, mkoa wa Ifugao, akiwa mtoto wa kwanza wa mzee Bahatan na mama Indangan. Kwa kuwa kwetu mashamba humfuata mtoto wa kwanza, awe wa kiume au wa kike, tangu siku ile ilijulikana kwamba Shamba la Kwanza litakuwa lake, na baba yake, kama tulivyosimuliwa, alimbeba akiwa na siku tisa akamwonyesha kuta za mawe zinazoshikilia ngazi za mashamba, akarudi naye nyumbani wote wawili wameloa mvua, akatukanwa sana na mkewe.

Alianza shule mwaka 1957 katika shule ya misheni iliyokuwa ng'ambo ya mto, akasoma hadi darasa la nne, na mwaka 1961 akatolewa baada ya ukuta wa juu kuporomoka na mikono kuhitajika nyumbani. Hakuwahi kulalamika kuhusu jambo hilo mbele yetu, ila alipenda kusoma kwa sauti chochote kilichoandikwa, hata maandishi ya kwenye magunia ya saruji.

Tarehe 12 Juni 1971 alifunga ndoa na Lorenzo Gumangan, fundi wa kuta za mawe kutoka kijiji jirani, na siku hiyo hiyo wazazi wake walimkabidhi Shamba la Kwanza, akiwa na umri wa miaka ishirini na miwili. Walijaliwa watoto watatu, Herminia aliyezaliwa mwaka 1974, Rogelio aliyezaliwa mwaka 1977, na Teodora aliyezaliwa mwaka 1980 na kufariki kwa surua mwaka 1983. Mume wake alitangulia mbele ya haki tarehe 2 Oktoba 2003.

Kazi yake ilikuwa ni kuanza. Yeye ndiye aliyetangulia kusia mbegu, akatangulia kupanda, akatangulia kuvuna, na kila alipoanza alitangaza siku ya kupumzika, ambayo mtu yeyote asingeingia shambani wala kuchuma hata konokono. Mwaka 2009 makarani wa wilaya walipopita wakiandika wasifu wa Amduyan, walimuuliza kazi yake, akaeleza kwa muda mrefu, nao wakaandika kwamba hana kazi. Alipowasomea wenyewe walichoandika, aliwaambia, "Sawa, wanangu, kama sina kazi basi tusaidiane kubeba jiwe hili," wakalibeba, na karani mmoja akaumia kidole. Wasifu ule upo ofisini mpaka sasa, na Pinaggan imepewa mistari miwili, kwamba haina barabara na kwamba ina mashamba ya ngazi ya asili.

Familia haipendi kuficha kosa lake la mwaka 1987, kwa sababu yeye mwenyewe hakulificha. Kwa desturi, mbegu husiwa baada ya kuja yule ndege tunayemwita kiling, anayefika baridi ikikaribia. Mwaka huo, tarehe 3 Septemba, marehemu alimsikia kiling akilia mara tatu juu ya mgongo wa mlima, akashangaa kwamba amewahi, lakini akasia, na kijiji kizima kikasia nyuma yake. Siku ya nne akashuka kutoka mlimani mwanafunzi mmoja wa mambo ya ndege, mgeni kutoka Manila, akiwa amebeba redio ya kaseti, na ikajulikana kwamba alikuwa anapiga sauti ya kiling aliyoirekodi mwaka uliotangulia, ili kuona kama kuna kiling wengine watakaoitikia. Walioitikia ni sisi. Miche ilikomaa kabla ya wakati wake, baridi ikaikuta shambani ikawa ya manjano, na Pinaggan ikala viazi vitamu mwaka mzima.

Marehemu alikwenda nyumba kwa nyumba, zote zilizokuwepo, akasimama mlangoni na kusema, "Nimekosea, mbegu zimeharibika kwa sikio langu." Wengine walimpa tambuu, wengine walifunga mlango, na mwanamke mmoja alimwambia, "Nenda basi kapande na kaseti." Baada ya hapo hakusia tena kwa kusikia, alipanda mgongo wa mlima kila mwaka mpaka amwone ndege kwa macho, hata katika mwaka wake wa sabini na tatu, akiwa anashika miti njia nzima.

Mama yangu alikwenda Taiwan mwaka 2011 kulea wazee wa watu, na hela zake ndizo zilizoezeka nyumba hii mabati, jambo ambalo marehemu alilishukuru hadharani. Mjomba Rogelio alibaki, akajenga tena kuta mara tano, na anaposema kuta zimechoka na kwamba tupande maharage kama watu wa bondeni, anasema akiwa na mgongo unaomuuma kweli, na marehemu alilijua hilo pia.

Ugonjwa ulianza Februari 2022 kwa kuvimba miguu, na daktari wa hospitali ya wilaya akasema ni figo. Mimi niliacha shule mwezi huo, nikiwa darasa la tisa, kwa sababu nyumbani hapakuwa na mtu mwingine wa kukaa naye. Kwa misimu miwili alikaa kwenye mkeka juu ya kingo, akiniambia weka mche hapa, hapana, si hapo, wewe una macho ya nini, na watu walihesabu kwamba ni yeye aliyepanda. Oktoba iliyopita hakuweza kutoka ndani. Nilipanda mlimani mwenyewe siku sita, na siku ya sita, tarehe 27, nilimwona kiling, nikarudi nikamwambia rangi ya kifua chake, akaniuliza mara mbili, kisha akatoa mbegu, nikazisia.

Alifariki Jumanne tarehe 9 Januari 2024, saa nne asubuhi, akiwa na umri wa miaka sabini na minne, bila kutaja mtu wa kumrithi. Ameacha watoto wawili na wajukuu watano.

Familia inamshukuru daktari na wauguzi waliomhudumia bila kuchoka, mhudumu wa afya wa kijiji aliyekuja hata siku za maporomoko, majirani waliombeba kwa blanketi juu ya kingo hadi barabarani mara kumi na moja, wapandaji wenzake wote, na waliotoa nguruwe, kuni na mchele wa mkesha. Bibi, kaa salama huko ulikotangulia, udongo huu ulioushika maisha yako yote usikulemee.

Kuhusu Shamba la Kwanza, kwenye karatasi hii ninayosoma hapakuwa na maandishi hadi leo alfajiri. Mama na mjomba walikuwa wameanza tena juu ya kahawa, alipofika Apo Dinoyan, kiongozi wa wanawake wapandaji, ambaye alikataa kuingia kwa sababu miguu yake ilikuwa na tope, akaniulizia mimi. Mjomba alimwambia kwamba mimi sijaolewa na hakuna aliyenikabidhi chochote. Apo Dinoyan alitema tambuu yake pembeni, akashika mwimo wa mlango, akasema:

"Na miche nayo ingoje harusi? Rogelio, pumzisha huo mgongo, maharage kayapande nyuma ya jiko. Herminia, mwanangu, ndege yako ya kurudi Taiwan ni Jumapili ijayo, tusidanganyane. Leo tunazika, kesho tunapumzika, Jumanne wanawake thelathini na sita tutakuwa kwenye kingo na miche mkononi, na tutasimama hivyo hivyo, hata kukinyesha, mpaka huyu binti atangulie kuinama."