Jiwe Lililo Chini ya Benchi

Benchi la mbele ya mgahawa wa Lambrini, huku milimani Epiro, ni ubao mmoja juu ya mawe mawili. Asubuhi hiyo walilikalia waashi wawili wazee, Vaios na Zisi, aliyeitwa Timazi kwa ukali wa kipimo chake, pamoja na mwimbaji mstaafu wa kanisa waliyemwita Nusu-Padre. Kanisa, lililojengwa miaka kumi na miwili kwa michango ya kudunduliza, lingebarikiwa na askofu Jumapili. Padre alikuwa ametangaza: mlangoni litachongwa jina la fundi wa akrogoniaios, lile jiwe ambalo Maandiko humfananisha nalo Kristo. Zisi alichonga jiwe la pembeni, chini kwenye msingi. Vaios alichonga jiwe la kufungia tao, juu. Na Lambrini, Zisi aliona, alimmiminia Vaios povu lote la kahawa, ambalo hupewa anayeheshimiwa.

— Akro ni ncha, gonia ni pembe, alisema Nusu-Padre. Ncha ya pembe. Paulo kaandika.

— Ncha ya juu, alisema Vaios. Nani kaona ncha ya mlima bondeni?

— Nyumba huanza chini, alisema Zisi. Mtaka cha uvunguni sharti ainame.

— Ndiyo maana wewe umeinama mpaka leo.

Lambrini akacheka. Zisi akakihesabu kicheko hicho pamoja na lile povu.

— Kristo ni kichwa, Timazi, alisema Vaios. Kichwa hukaa miguuni?

— Basi mitume walipojenga, yeye alikuwa ananing'inia hewani anasubiri tao?

— Mana ilitoka wapi? Juu! alidakia Nusu-Padre. Lile jiwe lilishuka lenyewe, likaunga kuta mbili. Wayahudi huku, sisi huku.

— Sisi ukuta upi? aliuliza Zisi.

— Ule ulionyooka.

— Basi haukujengwa na Vaios.

— Wivu huo, kaka.

— Mgema akisifiwa tembo hulitia maji.

— Mimi nachonga mawe. Maji ya nini?

— Tulieni! alikatiza Nusu-Padre. Zaburi inasema, jiwe walilolikataa waashi ndilo limekuwa kuu la pembeni.

Areti, binti wa marehemu Kosmas, mwashi mwenzao, aliyepanda kutoka Thesalonike kwa ajili ya Jumapili, alikuwa amesimama mlangoni na kikombe chake.

— Wajomba, waliolikataa ni waashi wenyewe?

— Waashi hasa, binti yangu.

— Na lile la baba mlilolikataa, lilikuwa na kosa gani?

Wote wakamtazama Zisi. Mwaka wa msingi yeye ndiye alikuwa fundi mkuu. Kila jiwe lilipita kwenye kipimo chake. La Kosmas, lililochongwa kwa ajili ya pembe ileile, alilipima mara tatu. Halikupungua hata unywele. Kingo zake zilikuwa safi kiasi kwamba la Zisi, kando yake, lilionekana kama limetafunwa na mbuzi. "Limepungua kidole," akasema, na jiwe likaletwa hapa kushikilia ubao.

Lambrini akachungulia ndani ya birika.

— Kahawa imekwisha, alisema, ingawa hakuna aliyeomba. Haya, inukeni.

Zisi hakuinuka. Taratibu alirudisha miguu nyuma, akavipanga visigino vyake viwili mbele ya lile jiwe.