Hebu Nieleze, Hapo Ulipo Kukoje?

Mheshimiwa Mkurugenzi Mkuu, mgeni wetu rasmi. Ndugu Mkuu wa Kikosi cha Zimamoto na maofisa wako. Ndugu wageni waalikwa. Wapokea simu wenzangu wa zamu zote, mkiwemo mliotoka zamuni sasa hivi na macho bado mekundu. Na wewe Dada yetu, mkuu wa chumba cha simu za dharura, unayestaafu leo, uliyekaa hapo mbele umeinamisha kichwa kama mtu anayesubiri kudungwa sindano: nawasalimu nyote, kila mmoja kwa heshima yake.

Nimepewa dakika chache, na nimeonywa nisipitilize na nisilie. Hilo la kulia sikuahidi.

Shughuli ya leo ni mbili, na ratiba imezitenganisha, ila mimi siwezi. Ya kwanza ni kumuaga Dada. Ya pili, nikishamaliza kusema, Mheshimiwa atasogea kwenye ile meza yenye kitambaa cheupe, atabonyeza kitufe, na mashine mpya itaanza rasmi kupokea simu za dharura badala yetu. Mwenye shida ataambiwa abonyeze moja kama jibu ni ndiyo, mbili kama ni hapana, na asiyebonyeza atakatiwa. Ndiyo maana naomba mnisikilize vizuri, maana kitufe kikishabonyezwa, maneno yangu yatakuwa ya kupamba sherehe tu.

Wageni wetu, mtu nyumba yake ikiwaka, au akiangukiwa na ukuta, sisi ndio tunaopokea simu yake. Kabla ya Dada tulikuwa na kadi mezani yenye maswali ya mkato. Je, kuna moto? Je, kuna aliyeumia? Je, unahitaji msaada? Asiyejibu aulizwe tena, kisha akatiwe, kwa sababu wengine wanasubiri. Nani angetulaumu? Kadi ilikuwa safi, imeandikwa na wasomi, na ilituokolea muda.

Dada alipokabidhiwa chumba hakuichana kadi. Aliweka kikombe chake cha chai juu yake, akavaa hedifoni. Simu yake ya kwanza ilikuwa ya mwanamke anayepiga mayowe tu. Dada akamwambia, "Hebu nieleze, mama, hapo ulipo kukoje?" Kisha akanyamaza. Sisi tukatazamana, tukaona leo mtu anakufa huku mkuu wetu anapiga soga. Yule mama akavuta pumzi, akaanza kueleza, na ndani ya maelezo yake mlikuwa na kila kitu: moto uko jikoni, mume yuko bafuni, ngazi bado inapitika. Tangu siku hiyo Dada akaitwa Hebu Nieleze, na hata shemeji yetu, yule fundi saa anayecheka pale nyuma, tunajua anamwita hivyo akitaka kumchokoza.

Nasi wenyewe alituuliza vivyo hivyo. Mkuu aliyemtangulia, kazi ikiharibika, alikuja na swali moja: "Nani kakosea?" Swali hilo jibu lake ni watu wazima kutazama viatu vyao. Dada alivuta kiti akauliza, "Kwenye simu ile, nini kilikwenda vizuri, na tungekikuzaje?" Mwanzoni tulimwona hana huruma. Utaulizaje habari ya uzuri, na mtu kapoteza nyumba? Lakini alisubiri, na katika kusubiri kwake ndipo mwenzetu tunayemwita Kimya, ambaye alikuwa hajawahi kuongeza neno baada ya salamu, akafungua mdomo. Alisema mtu aliyepotea asiulizwe yuko mtaa gani, kwa kuwa hajui. Aulizwe anasikia sauti gani. Leo hii magari ya zimamoto yanafika kwa kufuata kengele ya shule, kinu cha kusaga, gereji inayogonga bati. Wazo lile halikutoka kwenye semina, Mheshimiwa. Lilikuwa ndani ya mtu, na hakuna aliyewahi kumuuliza kwa namna ya kulitoa.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo baadhi ya wakubwa wameniomba nisilitaje.

Mnakikumbuka chumba chetu cha zamani kilichoungua. Taarifa ilisema wafanyakazi walitoka salama kwa sababu ya mafunzo mazuri. Taarifa naiheshimu, ila mimi nilikuwemo.

Siku zile kila alasiri iliingia simu isiyosema kitu. Hawakuwa watoto wanaocheza. Watoto hawawezi kujizuia kucheka. Ilikuwa na pumzi, na nyuma ya pumzi kulikuwa na mvumo, mfano wa feni inayozunguka. Dada alikuwa likizo, anamuuguza mama yake, na sisi bila yeye tulirudi kwenye kadi haraka sana, ni aibu kulisema hadharani. "Je, unahitaji msaada? Ndiyo au hapana?" Pumzi. Tukakata. Kesho yake ikarudi. Tukakata.

Kuna jambo jingine, na hili wapokea simu watanielewa. Ukishinda unasikiliza mioto ya watu, pua nayo inaanza kusikiliza. Mtu anakueleza godoro linavyoungua, na wewe unalinusa hapohapo mezani. Tuna mzaha wetu wa kuambiana, "Leo pua yako imepokea simu." Basi alasiri moja kila mtu chumbani alinusa waya unaoungua, na kila mtu akadhani pua yake imepokea simu. Mimi nilifunika pua kwa kiganja, nikaona haya kusema. Chumba kizima cha watu ambao kazi yao ni moto, tunaunusa, tumekaa!

Ndiyo siku aliyorudi Dada kazini. Ile simu ikaingia, ikaangukia meza yake. Akaiweka kwenye spika tusikie sote. Pumzi. Mvumo. Akasema taratibu, "Hebu nieleze, hapo ulipo kukoje?" Akangoja, na mimi nikatamani kukohoa.

Sauti ikajibu. Sikuweza kujua kama ni ya kiume au ya kike. Nilichojua ni kwamba mwenye sauti ile amechoka kurudia.

"Ni chumba," ikasema. "Kina meza nyingi, na pazia la kahawia limechomoka upande mmoja. Kuna kikombe juu ya kadi."

Sote tukatazama kikombe.

"Kuna mwanamke wa kitambaa cha kijani. Amefunika pua. Anadhani hakuna anayemwona."

Ndugu wageni waalikwa, kitambaa kile ninacho nyumbani hadi leo. Sijakivaa tena.

Mwenzangu mmoja alinyoosha mkono akate simu. Dada akamshika, akauliza, "Na juu yake huyo mwanamke, kukoje?"

"Ubao wa dari umekuwa mweusi."

"Unaonaje, sisi tufanye nini?"

"Tokeni kwa mlango wa jiko la chai. Ule wa mbele msiuguse."

Tulitoka. Dada alikuwa wa mwisho, bado ananong'ona asante kwenye hedifoni, na dari ikashuka nyuma yake. Baadaye ilionekana korido ya mbele ilikuwa imejaa moto kitambo, umezuiwa na ule mlango tu, na ambaye angeufungua angetuteketeza wote. Mkuu wa Kikosi yupo hapa na ndiye aliyeingia kuzima. Nikisema uongo, ainuke anikanushe.

Naona amekaa.

Mafundi waliitafuta namba ile. Ilikuwa ya simu ya meza ya kona, humohumo chumbani mwetu, simu iliyochomolewa ukutani zamani, waya wake umezungushwa kwenye simu yenyewe. Rekodi ipo pia. Dada anasikika akiuliza, na mahali pa majibu pana mvumo wa feni yetu na pumzi zetu wenyewe, basi. Wako waliosema nyaya zilichanganyikana. Wako waliosema moshi ulitupanda kichwani. Mimi sibishani na mtu, lakini namshangaa mtu aliyepandwa na moshi akajua mlango wa kupitia.

Nilimuuliza Dada, "Ulimjua yule?" Akacheka. "Hilo ni swali la ndiyo na hapana, mdogo wangu. Uliza vizuri." Nikauliza, "Ulisikia nini?" Hapo akaacha kucheka.

"Nilisikia mtu aliyekuwa akituonya kila siku," akasema, "na sisi tunamkatia."

Dada, maneno hayo yamenifundisha uongozi kuliko cheti chochote nilichotundika ukutani. Nimeona wakuu wanaouliza ili wasikie walichokwisha kuamua. Wewe uliuliza ukiwa tayari kusikia usichokipenda, tena kutoka kwa usiyemjua, na ndiyo maana watu waliomo humu wana watoto, wana wajukuu, na wanalalamika mishahara midogo kama watu wengine walio hai. Nakupenda kwa hilo, na nalisema mbele za watu.

Mheshimiwa, sasa naongea na wewe, kwa adabu zote.

Mashine yako imekuwa kwenye majaribio wiki nzima, na imefanya kazi bila hitilafu. Ila kila alasiri inaingia simu moja ambayo haibonyezi kitu. Mashine inauliza, inangoja kidogo, inakata. Kesho yake simu inarudi. Nilimwomba Kimya asikilize rekodi zake, kwa kuwa hakuna sikio linalomzidi. Alizirudia mara nyingi, kisha akavua hedifoni akaziweka chini polepole. Alisema nyuma ya pumzi hakuna feni. Kuna viti vinavutwa sakafuni, watu wengi wametulia, na mwanamke anahutubia kwenye kipaza sauti.

Wiki yote hii hatukuwa na mkutano wala sherehe yoyote, ila hii ya leo.

Tafadhalini, kaeni. Milango miwili ya ukumbi huu sijui upi ni wa kutokea, wala ninyi hamjui. Mheshimiwa, sikuulizi kama utakibonyeza kitufe au hutakibonyeza. Nakuuliza hili, na nitasubiri hata ukichelewa: huyo anayetupigia, hapa tulipo anaona nini ambacho sisi hatujakiona?

Ndugu zangu, mmenivumilia na mmenipa masikio yenu, nami nashukuru kwa moyo wote. Makofi naomba myaweke kwanza. Kuna taa ya simu inawaka chini ya kile kitambaa cheupe.

Dada, njoo upokee.