Supu ya Kuondoa Nuksi

Ndugu, majirani na wafanyakazi wenzake marehemu, naisoma historia hii mimi, Tsai Yueh-o, dada mkubwa wa marehemu, kwa kuwa mjane ameshindwa kusimama.

Marehemu Tsai Chin-lung alizaliwa hapa Lukang tarehe 14 Machi 1971, kitinda mimba wa watoto wanne, na mama yetu alipofariki mwaka 1979 alilelewa na dada yake, aliyemdekeza mno. Alisoma ufundi Changhua, akahitimu Juni 1989 bila sifa nyingi ila ya kula, na baada ya jeshi akawa mchomeleaji wa fremu za baiskeli kule Dajia hadi mwisho. Tarehe 8 Februari 1998 alimuoa Pi-hsia, wakajaliwa Yu-chieh na Po-han, aliowapenda bila kificho.

Jumapili tarehe 3 Novemba 2019 alianguka na pikipiki, taya likavunjika pande mbili, mdomo ukagoma kufunguka zaidi ya upana wa kidole, na upasuaji ukapangwa Jumatano asubuhi. Daktari wa usingizi, Dokta Kuo, alieleza kwamba mpira wa kupumulia ungepitishwa puani, tena kwa shida, kwa hiyo tangu saa sita usiku asile wala asinywe chochote. Lakini kwetu aliyenusurika ajali hupewa supu ya makongoro ya nguruwe na tambi ili nuksi imtoke, na dada yake, kwa ukaidi wake, aliona heri imtoke kabla ya kisu, akaisaga laini, akamnywesha kwa mrija alfajiri, naye akaimaliza yote. Dokta Kuo alipouliza, "Mama, amekula chochote?" marehemu hakuweza kusema, akamtazama dada yake, na dada akajibu, "Hata tone, daktari."

Alipolazwa usingizi supu ilipanda, ikaingia mapafuni, wakahangaika kuifyonza kupitia mdomo usiofunguka, na tarehe 15 Novemba akafariki.

Tunawashukuru majirani, wauguzi, na kiwanda kwa maua. Na wewe Dokta Kuo, uliyesimama mlangoni kwa sababu wadogo zangu wawili wamekuita muuaji na kukuandikia mashtaka, ingia, tafadhali, ukae mbele. Uliniuliza vizuri, nikakudanganya macho makavu. Wadogo zangu, ichaneni karatasi hiyo, aliyemuua ndugu yenu ndiye huyu anayewasomea.

Chin-lung, mdogo wangu, sistahili kukuaga, lakini hakuna mwingine aliyesimama hapa, basi pumzika kwa amani.