Chakula cha Moto cha Mzee Durufu

Mheshimiwa Mwenyekiti wa Bodi ya Shule, Ndugu Ofisa Elimu, walimu wenzangu, wazazi, wanafunzi, na wewe mama yangu uliyejibanza nyuma ya nguzo ukidhani sikuoni: nawasalimu nyote kwa heshima.

Tumekuja kumuaga mchapaji wa mitihani yetu, ambaye nyinyi mnamwita Mzee Durufu, na mimi, kwa bahati niliyozaliwa nayo, namwita baba. Miaka thelathini na minne amekaa katika kile chumba kando ya stoo: kwanza na taipu na stensili, halafu na mashine ya kudurufu iliyokwama kila Jumatatu, na sasa na kompyuta anayoigonga kwa vidole viwili kana kwamba imemkosea. Kila swali lililowatoa jasho, yeye alilijua kabla yenu. Je, kuna aliyewahi kulipata kwake? Naona Mwenyekiti anataka kupiga makofi. Subiri kidogo, mheshimiwa.

Mimi nilisoma hapa hapa. Wiki ya mitihani nyumbani kwetu ilikuwa kazi kweli kweli, kwa sababu baba, mtu wa dini asiyekosa ibada, alikuwa ghafla hajui kitu. Ukimwuliza nani aliumba dunia, anajibu, "Sijui."

"Hata hilo, baba?"

"Wiki hii sijui. Nikijibu hili nikakataa lile, utajua lipi limo."

Mama akimwuliza kama chumvi imekolea, hajui.

Nilipokuwa kidato cha pili, siku moja kabla ya mtihani wa Dini, nilikaa mbele yake na daftari, nikamsomea mada moja moja huku nikimkodolea macho. Sijui, sijui, sijui. Nilipofika kwenye faida za uaminifu, akakohoa. Huenda yalikuwa mafua tu. Mimi nilikidaka kikohozi kile, na asubuhi yake nikawahi shuleni kuwaandikia wenzangu faida saba. Kitabuni zilikuwa sita. Ya saba niliiokota mezani kwetu, maana baba alikuwa haachi kusema kwamba mwaminifu hula chakula chake kikiwa cha moto, kwa kuwa hakuna anayemwita nje akajieleze.

Swali likaja. Wanafunzi thelathini na wanane, katika mtihani wa Dini, tukausifu uaminifu kwa kuibia. Na wote tukaandika kwamba mwaminifu hula chakula cha moto. Mwalimu wetu alisahihisha karatasi ya kwanza akacheka. Alipofika ya tano hakucheka tena. Maneno yale aliyajua ni ya nani, kwa sababu aliyasikia kila adhuhuri kwenye chumba cha walimu.

Walimwita baba akiwa anakula. Nilimwona kwa dirisha la darasa: akafunika bakuli, akafuta mikono, akaenda. Walipomwuliza kama amevujisha mtihani, alisema hapana. Walipomwuliza ni nani basi, alisema hajui. Akaandikiwa barua ya onyo, akanyang'anywa ufunguo wa chumba chake, na mwaka mzima akawa anagawa chaki na mifagio. Sisi tulirudia mtihani. Nilipata alama arobaini na moja, na hizo angalau zilikuwa zangu.

Nikanyamaza. Wenzangu walinitunzia siri, kwani ilikuwa yao pia. Nimenyamaza miaka ishirini na minne.

Nilipoletwa kuwa mkuu wa shule hii, nilifungua jalada lake. Barua ile bado imo, karatasi imegeuka manjano. Mngekuwa nyinyi mngefanya nini? Ningeweza kuichana, na nani angejua? Lakini huko kungekuwa kuibia mara ya pili. Kwa hiyo leo nimeweka juu yake barua nyingine, inayosema kwamba mchapaji hakuvujisha kitu, na aliyefanya hila alikuwa binti yake. Nimeitia sahihi kwa cheo changu na kwa jina langu. Nakala yako, Mwenyekiti, iko hapo mezani. Kama kuna adhabu, nitaipokea.

Wanafunzi, mtihani wenu wa Dini ni Jumatatu. Sitawahubiria. Mimi na mahubiri ya somo hilo hatuendani.

Leo asubuhi, nikimfunga tai, nilimweleza baba yote. Nikamwuliza, "Miaka yote hii, ulijua kuwa ni mimi?"

Akanitazama kwa uso ule ule wa wiki ya mitihani. "Sijui," akasema. Halafu akakohoa.

Baba, nisamehe. Nakuomba mbele ya watu kwa sababu aibu uliyobeba kwa ajili yangu ilikuwa mbele ya watu. Nakupenda, na ninajivunia kuitwa mtoto wako.

Ndugu zangu, nawashukuru kwa subira yenu na kwa masikio yenu. Wapishi wananiashiria kwamba tayari wamepakua. Naomba mtu yeyote asimwite mzee huyu nje. Baba, karibu mezani, ule kikiwa cha moto.