Kaporali Évariste Lofemba na Boti ya Yanonge

Marehemu Évariste Lofemba alizaliwa tarehe 3 Juni 1932 huko Yanonge, mtoto wa pili wa papa René, mvuvi, na mama Émilie. Siku hiyo hiyo ngoma ilitangaza jina lake na vijiji vya ng'ambo ya mto vikaitikia. Kifo chake kimetangazwa redioni, kati ya tangazo la bia na matokeo ya mpira. Ndiko tulikofika.

Alisoma shule ya misheni ya Yanonge kuanzia 1941 hadi 1947. Mwalimu wake, mgeni kutoka mbali, alipenda kusinzia baada ya chakula. Évariste aligonga dawati kwa vidole, kwa mapigo ya ngoma: "Mzee amelala." Darasa la jirani liliangua kicheko mpaka likachapwa, na mwalimu hakujua kamwe walichocheka.

Mwaka 1952 aliingia jeshini hapa mjini, enzi mji ukiitwa Stanleyville. Mwaka 1957 alifunga ndoa na Félicité, na Marthe akazaliwa 1959. Uhuru ulipokuja alipiga pasi sare yake mara mbili, akamwambia mkewe kwamba sasa anawatumikia watu wake mwenyewe. Aliamini hivyo kabisa.

Tarehe 9 Machi 1965 kikosi chake cha askari kumi na tisa kiliamriwa kushuka mto kwa boti hadi Yanonge, iliyokuwa bado mikononi mwa waasi. Kila askari alipewa risasi kumi. Redio haikuwa na betri. Asubuhi hiyo, bandarini, ngoma zilisikika zikipokezana kijiji kwa kijiji kutoka upande mto unakoelekea. Évariste alisikiliza, kisha akatoka mstarini.

"Mon commandant, ngoma iko nasema boti yetu inangojewa. Batu beko kwenye kona ya muto, na bunduki mingi."

"Tangu lini ngoma iko officier wangu?"

Askari walicheka.

"Ningependa iwe bongo, maneno ya uongo tu. Lakini hawa batoto, utabapeleka na risasi kumi?"

"Panda, kaporali!"

"Hapana, mon commandant. Na bao basipande."

Aliweka bunduki chini, akafungwa pingu palepale. Wenzake kumi na wanane waliondoka. Wawili walirudi kwa miguu baada ya siku sita.

Mtu angedhani serikali itamshukuru. Ilimuuliza alijuaje. Kwa kuwa alijua, ikasemwa ni mtu wa waasi. Wazazi wa wale kumi na sita waliambiwa kwamba watoto wao wametoroka jeshi, na mtoro hafanyiwi matanga. Ngoma za mtoni zilichomwa.

Gerezani aliletewa karatasi atie sahihi: kwamba siku ile alikuwa amelewa, hakusikia kitu, hakumwonya mtu. Akisaini, atafunguliwa. Alikataa mwaka 1965, akakataa tena 1966. Félicité alimsihi kwenye nyavu za geti.

"Papa Marthe, tia tu ile signature, urudi nyumbani."

"Nikitia, bale kumi na sita beko batoro milele. Bamama yabo batalilia wapi?"

"Na miye, nililie wapi?"

 Agosti 1968, akitema damu, Évariste alitia sahihi.

Alirudi nyumbani kwake Lubunga, mifupa mitupu. Kwa miezi kumi na moja aliandikia wizara barua tisa akiikana sahihi ile, na hakujibiwa hata moja. Kifua kikuu kilimmaliza Jumanne tarehe 15 Julai 1969, saa nne asubuhi. Jumapili iliyotangulia alimwomba tonton wake, mjomba Sébastien, jambo moja tu: kaburini, mbele ya watu, isemwe kwamba karatasi ile ni uongo.

Basi inasemwa. Évariste hakuwa amelewa. Alisikia, akaonya kwa sauti mbele ya kikosi kizima, na mkubwa wake akamcheka. Wale kumi na sita hawakutoroka, walipelekwa kwa amri. Wazazi wao waliosimama kule nyuma waje hapa mbele. Matanga haya ni yao pia.

Marehemu ameacha mjane Félicité, binti Marthe wa miaka kumi, mama yake Émilie, na tonton Sébastien anayesoma maneno haya. Mungu ampe Kaporali Évariste pumziko ambalo serikali yake ilimnyima.