Felisiani Bazilio Niyitegeka (1968–2015): Muuguzi Aliyejisema Mbele ya Ukoo

Felisiani Bazilio Niyitegeka alizaliwa tarehe 14 Machi 1968 hapa Titye, Wilaya ya Kasulu, mtoto wa tatu kati ya saba wa marehemu Mzee Bazilio na Mama Therese, ambaye tumekaa naye hapa leo. Mimi ninayewasomea ni Esteria, mdogo wake anayemfuata.

Alianza shule ya msingi hapa Titye mwaka 1976. Akiwa darasa la saba aliugua matumbwitumbwi, mashavu yakavimba hadi akashindwa kutafuna, akakaa nyumbani mwezi mzima. Hata hivyo alifaulu, akasoma sekondari mjini Kigoma, kisha uuguzi Kabanga kuanzia 1988 hadi 1991. Mama anasema likizo ya kwanza alirudi na tabia ya kunawa mikono kila dakika, na kuku wakimwona anakwenda kwenye mtungi walikimbia, kwa sababu maji aliyamwaga bila kutazama.

Januari 1992 aliajiriwa Kibondo, na huko ndiko alikofanya kazi maisha yake yote. Alihudumu wodi ya wanaume, kisha chumba cha upasuaji, na mwaka 2010 akapelekwa kliniki ya afya ya uzazi. Wenzake walimcheka kidogo, mwanaume kukaa na kina mama. Yeye alikaa.

Tarehe 17 Julai 1999 alifunga ndoa na Evaline Nestori wa Kitanga. Walipendana, na hilo hakuna jirani asiyelijua. Lakini mtoto hakupatikana. Miaka ikapita, na maneno yakaanza. Wifi yetu Evaline alikunywa kila dawa ya mizizi aliyoletewa. Alisemwa msibani, alisemwa kisimani, alisemwa hata na sisi wa nyumba hii.

Mwanzoni mwa mwaka 2012 kaka alihudhuria mafunzo ya kuwahudumia wenzi wanaokosa watoto. Akafundishwa kwamba wapimwe wote wawili, na mwanaume apimwe mapema, kwa kuwa kipimo chake ni rahisi. Aliporudi alimwambia mkewe, "Nimewapeleka kina mama wangapi kupimwa, na mimi mwenyewe sijapimwa?" Wakapimwa. Evaline hakuwa na tatizo. Yale matumbwitumbwi ya utotoni yalikuwa yameshuka hadi kwenye korodani na kuziharibu.

Evaline mwenyewe ndiye aliyenisimulia yaliyofuata. Alimshika mumewe mkono akamwambia, "Basi nyamaza. Mimi nimeshazoea kusemwa. Wewe watakudharau."

Juni mwaka huo, baada ya mavuno, ukoo uliketi hapa nyumbani. Baba mkubwa Longinus alisema wazi kwamba Felisiani aoe mke mwingine na huyu arudi kwao Kitanga. Kaka alisikiliza hadi mwisho. Kisha akaomba Evaline aitwe kutoka jikoni, akamkalisha kwenye kiti chake, yeye akasimama.

"Baba mkubwa, mwenye tatizo ni mimi. Nimepimwa, mbegu sina. Mke wangu ni mzima."

Nilikuwepo. Baba mkubwa akauliza, "Mambo hayo unayasema mbele ya watu?"

"Mbele ya watu ndipo alipokuwa anasemwa," kaka akajibu.

Mama akapiga kofi mapajani, "Mama wee! Yale matumbwitumbwi! Nilimkanda kwa maji ya moto, korodani zimevimba kama ngumi!" Na kaka, badala ya kuona haya, akaanza kutufundisha, taratibu, kama vile tumekuja kliniki: kwamba ugonjwa ule ukimpata kijana anayebalehe unaweza kumwacha hivi, kwamba kisonono kisichotibiwa huziba mirija ya uzazi, na kwamba mke na mume watibiwe pamoja na dawa zimalizwe hata kama maumivu yamekwisha. Nilimtazama nikasahau kwamba ni kaka yangu. Sijawahi kumwona mtu mkubwa kiasi kile.

Habari zilifika Kibondo kabla yake. Waliodhani angejificha walimkuta kliniki anawasimulia wagonjwa mwenyewe. Mfanyabiashara mmoja, Bwana Hilali, alimsukuma mkewe mbele akasema, "Mtibu huyu. Mimi ni mzima, nabeba gunia la mahindi peke yangu."

Kaka akacheka. "Gunia hubebwa na mgongo, bwana. Hata mimi nabeba. Kaa tuzungumze."

Bwana Hilali alikaa, akapimwa, akakutwa na maambukizi, wakatibiwa wote wawili. Mtoto wao ana mwaka mmoja sasa. Si wote waliojaliwa hivyo. Wengine kaka aliwaambia ukweli, akawatembelea nyumbani ili wasigombane. Wanaume walianza kuja wenyewe, wawili wawili, wamevuta kofia usoni.

Desemba 2014 miguu yake ilianza kuvimba. Figo zilikuwa zimechoka. Alitibiwa Kibondo, kisha Mwanza, na Mei mwaka huu akaomba arudishwe Titye. Evaline alimwogesha, alimpimia maji ya kunywa yasizidi, alimgeuza kitandani. Siku moja nilimuuliza kaka kama aliumia kukosa mtoto. Akasema, "Nisikudanganye, Esteria. Niliumia. Hata sasa naumia. Ila sikutaka aumie mtu mwingine kwa niaba yangu."

Alifariki Jumamosi, tarehe 8 Agosti 2015, mkewe akiwa amemshika mkono.

Ameacha mjane, Evaline Nestori, mama yake, Mama Therese, ndugu sita, wajomba, mashangazi, na watoto wa ndugu zake aliowasomesha. Jana jioni ukoo uliketi. Baba mkubwa Longinus alizungumza wa kwanza, na amenituma niyasome maneno yake kama alivyoyatamka: "Nyumba hii na shamba la bondeni ni vya Evaline. Haendi Kitanga, labda kusalimia. Atakayemgusa ajue amenigusa mimi."

Mungu ampokee muuguzi wetu, na ampe pumziko la amani.