Kishindo, Mwimbaji Aliyefanywa Hakimu

Ndugu waombolezaji, huyu tunayemsindikiza leo alikuwa na majina mawili kwenye vyeti vyake, lakini kwa kuwa majina hayo yalitumiwa na posta na hospitali tu, na hata mama yake mzazi hakuwahi kuyatumia, familia imekubaliana kwamba katika historia hii aitwe kama alivyoitwa siku zote, Kishindo.

Kishindo alizaliwa tarehe 9 Agosti 1958, alfajiri, katika nyumba za wafanyakazi wa reli, chumba cha pili kutoka kwenye bomba la maji, akiwa mtoto wa nne kati ya sita wa fundi wa injini za treni na mshonaji wa mashuka ya hospitali. Jina hilo halikutokana na muziki, kama wengi wanavyodhani, lilitokana na milango, maana tangu alipoweza kuufikia mlango hakuwahi kuufunga, aliubamiza, na mama yake, akiwa anashona na bila hata kugeuka, alikuwa akiwaambia wageni, "Msishtuke, hicho ni kishindo changu kimerudi."

Alianza shule ya msingi mwezi Januari 1966, katika shule iliyopakana na karakana ya reli, na mwaka 1973 akajiunga na sekondari ya bweni, ambako alipangiwa kitanda cha juu, na kitanda cha chini alilala kijana mrefu asiyependa maneno, ambaye baadaye watu wote walimjua kama mpiga besi. Urafiki wao ulianza kwa kutengeneza gita kwa ubao wa dawati na nyaya za breki za baiskeli, na kwa kuwa baiskeli yenyewe ilikuwa ya mwalimu wa nidhamu, wote wawili walisimamishwa masomo kwa wiki mbili. Baba yake aliposikia sauti ya gita lile alisema, "Debe tupu haliachi kuvuma," kisha jioni ya siku ya pili akarudi kutoka kazini na skrubu za kukazia shingo ya gita, akaziweka mezani. Kishindo alimaliza kidato cha nne mwaka 1976, kwa alama za kuvukia mto, si za kujengea nyumba.

Mwaka 1978 aliajiriwa katika kiwanda cha rangi kama mchanganyaji, kazi aliyoifanya kwa miaka sita, akirudi nyumbani kucha zake zikiwa za buluu au za kijani kulingana na oda ya wiki, na mwaka 1981, yeye na mpiga besi pamoja na mpiga ngoma mmoja walianzisha bendi ya muziki wa roki, wakati ambapo watu wa mji mzima walitaka muziki wa kushikana viuno. Kishindo aliimba na kupiga gita la solo, akivaa koti la ngozi kwenye kumbi zisizo na feni, na meneja wa ukumbi mmoja alipomwomba apunguze sauti ili wateja waweze kuagiza vinywaji, alimjibu kwa adabu kwamba sauti ya chini ni ya kuombea chumvi kwa jirani. Mwanzoni viti vya ukumbi vilikuwa vikibaki vitupu, baadaye watu wakaanza kukosa viti, na mwaka 1984 aliacha kazi ya kiwandani, akawa mwanamuziki na si kitu kingine.

Mke wake alikutana naye kazini, kwa maana ya kazini kwa mke, maana usiku mmoja Kishindo alianguka kutoka jukwaani, akapasuka juu ya jicho, akapelekwa hospitali akiwa bado anaimba, na muuguzi wa zamu akamwambia, "Kaa kimya nikushone jicho, ama nitakushona na mdomo." Alinyamaza, jambo ambalo waliomleta walisimulia kwa miaka mingi. Walifunga ndoa tarehe 22 Novemba 1986, baada ya mjomba wa bibi harusi kuuliza mara tatu kijana huyu mchana anafanya nini, na mara zote kujibiwa kwamba analala. Mungu aliwajalia watoto watatu, binti mmoja mwaka 1987, na wavulana wawili mwaka 1990 na 1993, wote wakazaliwa baba yao akiwa safarini na bendi, jambo ambalo mama yao hakulisahau na hakulirudia rudia.

Mwanzoni mwa mwaka 1999, bendi ikiwa imefikisha miaka kumi na minane na kanda nne, alifika mwongozaji wa filamu, mama mmoja aliyewahi kuwa mwalimu, akitafuta mtu wa kuigiza hakimu. Filamu ilihusu hakimu wa mahakama ndogo aliyeletewa shauri la mjane aliyenyang'anywa nyumba, na mnyang'anyi akawa ni kaka yake hakimu, tumbo moja, na hakimu anatakiwa kuamua. Waigizaji wote aliowajaribu walijitia uhakimu, walikohoa na kukunja uso, lakini siku hiyo, bendi ikijaribu vyombo, alimwona Kishindo akiwasikiliza mafundi wawili waliogombania waya, akamsikiliza huyu mpaka mwisho, kisha yule mpaka mwisho, bila kutikisa hata kichwa, na mama yule akasema huyo ndiye. Mpiga besi alicheka mpaka akakaa chini. "Wewe hakimu?" alimwambia. "Labda wa mashindano ya makelele."

Kicheko kiliisha tarehe za kupiga picha zilipotoka, kwa sababu ziliangukia katikati ya ziara ya miji saba, ambayo mpiga besi aliihangaikia mwaka mzima, mji kwa mji, mwenye ukumbi kwa mwenye ukumbi. Kishindo aliomba ziara isogezwe mbele, mpiga besi akakataa, Kishindo akasema nafasi kama hii kwa mtu wa miaka arobaini haiji mara mbili, na mpiga besi akamjibu, "Na sisi je, tulikuja mara ngapi?" Walikuwa wamesimama kwenye korido ya nyuma ya ukumbi, katikati ya masanduku ya vyombo, na mpiga besi akafunga sanduku lake akasema, "Nenda. Ila ukirudi usinitafute." Bendi ilisafiri na mwimbaji wa kuazima, na katika mji wa tatu watu waliuliza Kishindo yuko wapi, wakajibiwa, wakaondoka mmoja mmoja hadi akabaki mfagiaji, na hapo bendi ikavunjika. Hayo yanasemwa kwa sababu yalitokea, na mke wa marehemu ametaka yasemwe.

Kishindo hakuifanya kazi ile kwa mzaha, kwa majuma kadhaa alikaa benchi la nyuma katika mahakama ya kweli, akajifunza kwamba hakimu huandika shahidi anapozungumza, na kwamba asiyetazamwa ndiye husema zaidi. Nywele zake, ambazo hazikuguswa kwa miaka kumi na mitano, alikatwa na mke wake jikoni, kwa mkasi wa kukatia bendeji, na mtoto wa mwisho alipomwona alikimbilia kwa jirani akisema nyumbani kuna mwanamume. Picha zilipigwa katika bohari la zamani la vitabu vya shule, na kilichomshinda ni hukumu yenyewe, maana ilitakiwa isomwe kwa sauti ya chini, naye sauti ya chini hakuwa nayo, fundi sauti alikuwa akivua vidude masikioni kila alipofungua mdomo. Siku ya nne mwongozaji alimkalisha kwenye kiti, akamwambia, "Usimsomee kaka yako. Jisomee wewe." Alisoma, na walipomaliza hakuna aliyesema kata, mpaka mwendesha kamera akauliza kama waendelee.

Filamu ilianza kuonyeshwa mwezi Machi 2001, ikazunguka mpaka kwenye vibanda vya video, ikampa sifa ambazo roki haikumpa kwa miaka ishirini, isipokuwa hakuitwa tena kuigiza kitu kingine, kwa kuwa waongozaji wote walimwona hakimu, na jukwaani hakuweza kurudi, kwa kuwa bendi haikuwapo. Hapo ndipo yalipoanza mambo ambayo wengi wenu mmeyashuhudia. Muuza nyanya na jirani yake, waliogombana kwa sababu ya mfereji wa maji machafu, walifika nyumbani kwake asubuhi moja, wakakaa kwenye benchi la barazani, na alipowaambia, "Mimi ni mwimbaji, ile ni filamu," muuza nyanya akamjibu, "Tunajua, mheshimiwa, lakini tusikilize." Kwa kuwa hakuwa na kazi nyingine, aliwasikiliza, hakusema lolote la maana, na mchana, kabla hawajaondoka, walishakubaliana wenyewe mfereji upite wapi.

Basi likawa ndilo jambo, wakaja wenye mipaka, wenye kuku, mama wakwe na wakwe zao, naye hakupokea zawadi wala hakuvaa joho, hasa baada ya hakimu wa kweli kumtumia ujumbe kwamba anaweza kuendelea ilimradi asimfunge mtu. Ridhiki yake aliipata kwa kufundisha gita watoto wa watu, na nyumba ilisimama kwa mshahara wa muuguzi, ambaye akirudi kutoka zamu na kukuta baraza limejaa alikuwa akisema, "Nje hakimu, ndani mshtakiwa," kisha anampa ndoo. Lakini mtu yeyote akimtajia mpiga besi, ambaye alifungua duka la kutengeneza redio mitaa miwili kutoka pale, Kishindo alinyamaza unyamavu mwingine, si ule wa kusikiliza, na majirani wakasema kinyozi hajinyoi. Miaka kumi na miwili hawakusalimiana, mmoja akipita upande huu wa barabara, mwingine anavuka.

Tarehe 16 Julai 2011, siku ya Jumamosi, mpiga besi alifika, akakaa kwenye benchi, akasubiri zamu yake nyuma ya watu wengine kama mtu yeyote, na ilipofika akasema, bila kumtazama, "Mheshimiwa, nina shauri na mtu mmoja, mwimbaji." Waliokuwapo walitaka kuondoka, akawaambia wakae. Alieleza yote, kitanda cha juu na cha chini, korido, masanduku, mji wa tatu na jinsi alivyosimama jukwaani akipiga noti moja mbele ya viti vitupu kwa sababu hakujua aache vipi, na Kishindo alisikiliza mpaka mwisho, hakutikisa kichwa, kisha akauliza, "Mshtakiwa anasemaje?"

"Mshtakiwa hajawahi kuulizwa," mpiga besi akajibu, "alipewa uhakimu mapema mno."

Kishindo aliinuka kwenye kiti chake, akavuka, akakaa mwisho wa benchi lile lile, kisha akasema, kwa sauti ambayo watu wa nyuma hawakuisikia, "Nilijua ziara itakufa. Nilijua, na nilikwenda." Kiti kikabaki kitupu, mpaka mke wake, aliyekuwa akisikiliza kutoka ndani na mikono imejaa sabuni, alipotoka akakikalia. "Mume wangu ana kosa," alisema. "Mji ule wa tatu mtakwenda pamoja, na masanduku atabeba yeye."

Walikwenda, mwezi Februari 2012, mpiga ngoma akiwa ni kijana wa pili wa marehemu, na ukweli ni kwamba ukumbi haukujaa, Kishindo aliteguka goti akibeba masanduku, sauti yake ilikatika katika wimbo wa tano, mpiga besi alisahau wimbo alioutunga mwenyewe, na mzee mmoja wa mstari wa mbele aliomba wapunguze sauti, hawakupunguza. Mpiga besi hakusema amesamehe, wakati wa kurudi alisema tu, "Goti lako likipona, tutamalizia miji minne iliyobaki," nayo waliimaliza ndani ya miaka mitatu.

Mwezi Oktoba 2019 Kishindo alianza kukosa pumzi, uchunguzi ukaonyesha mapafu yake yamechoka, na daktari alipouliza kazi alizofanya aligundua ni rangi za ujanani zilizokuwa zikidai. Alilazwa mara nne, mara ya mwisho akazungumza kwa kunong'ona, na mke wake alisema sauti ya chini hatimaye ameipata bila mwongozaji. Aliaga dunia tarehe 3 Juni 2021, saa moja asubuhi, zamu za wauguzi zikibadilishana, mke wake akiwa amemshika mkono na mpiga besi akiwa ameenda kuleta chai.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ya kifua, ambao walimhudumia bila kumdai hukumu, majirani waliopisha matatizo yao kwa muda wa ugonjwa, mwongozaji na wenzake wa filamu waliofika leo, na wanafunzi wake wa gita. Marehemu aliagiza kwamba mazishini pasipigwe muziki, kwa maelezo kuwa hakuna atakayempigia vizuri, na agizo hilo linaheshimiwa. Ameacha mjane, watoto watatu, wajukuu wanne, dada wawili, na kaka mmoja, na huyo kaka, kwa wale wanaohesabu na kukumbuka kwamba kaka zake wa kuzaliwa wote walimtangulia, ni mpiga besi, aliyeandikwa hapa kwa kauli ya mjane, nayo haikatiwi rufaa.

Kishindo, umefika, pumzika, na amani ikukalie.